Banda Lililohesabiwa Nyumba Moja

Habari za kifo chake nilizipata kwa fundi viatu, karibu na stendi, mguu wangu mmoja ukiwa ndani ya kiatu na mwingine ndani ya kandambili ya kuazima. Fundi alikuwa akipitisha uzi kwenye soli, akasema bila kuinua kichwa, "Mzee, umesikia? Mwenzetu yule wa banda la mpira amefariki. Wanazika kesho kutwa, Mutuka." Nikamwuliza banda lipi, kana kwamba mji huu uliwahi kuwa na banda jingine la kuulizia. Hapo akanitazama. Ni mtu wa makamo, alikuwapo siku zile, na alijua kwamba nimeshaelewa. "Lile uliloliandika," alisema, akarudi kwenye soli yake. Hakusema kwa ubaya. Lakini nilikaa pale mpaka kiatu kikaisha, na sikumbuki kama niliaga.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba sina desturi ya kutaja majina katika safu hii. Zamani nilifanya hivyo kwa adabu tu. Kwa marehemu huyu kuna zaidi ya adabu, kwa sababu niliwahi kumwandika akiwa hai, kwa kumsifu, na sifa zile ndizo zilizolifunga banda lake. Hilo si siri. Nilimwomba radhi mwaka uleule na nikakiri hapahapa gazetini kwamba nilikosea. Kinachonisumbua tangu nitoke kwa fundi viatu ni swali jingine: je, kalamu iliyomwumiza mtu ina haki ya kumgusa tena, sasa ambapo hawezi kuikataza?

Alikuwa mtu wa Singida aliyetufikia kwa kupitia machimbo ya Mirerani. Alichimba miaka kadhaa akatoka na kikohozi, pamoja na televisheni yenye mgongo mkubwa kama gunia la mahindi, aliyoachiwa na mchimbaji mwenzake aliyerudi kwao. Mkoa wetu ulikuwa ndiyo kwanza umekatwa kutoka Arusha, na bado tulikuwa tunajizoeza kuliandika jina lake kwenye bahasha. Ofisi zilikuja, na ofisi zikaja na watu: makarani kutoka Mwanza, walimu kutoka Kilimanjaro, madereva kutoka Dodoma, wafanyabiashara waliosikia kwamba mji mpya una upungufu wa maduka. Walipanga vyumba Nakwa, Bonga, popote palipokuwa na bati na kitasa. Siku za mapumziko walikaa vitandani wakisikiliza mvua. Hawakuwa na shangazi hapa, wala kaburi la babu, wala mtu wa kuwauliza, "Jana mbona hukuonekana?" Hao ndio aliowajengea banda. Lilikuwa la mabanzi na bati kuukuu, sakafu ya udongo iliyonyunyiziwa maji ili vumbi litulie, na mabenchi aliyoyapigilia mwenyewe, ambayo yalikuwa yakimuuma mtu makalio mpaka kesho yake. Watu waliliita kibanda umiza kama yanavyoitwa mabanda yote ya namna ile, lakini walilitamka kama jina la mtoto.

Alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwingine. Alisimama mlangoni mwenyewe, na kila aliyeingia alimwuliza, "Wa nani?" Ukijibu kwamba wewe ni mwekundu, yaani wa timu ya jezi nyekundu, alikunyooshea kidole: "Haya, kakae na yule wa bluu mwenye kofia. Ndiye mtani wako wa leo." Hakuna aliyeruhusiwa kukaa na wa timu yake. Nilipomwuliza sababu alinieleza kwamba machimboni watu walilala kambi kwa kambi, wa kwao na wa kwao, na kila ugomvi ulianzia hapo. "Ukiwatenga watakuja kupigana, mzee. Ukiwachanganya watachokana tu." Ndivyo ilivyokuwa. Karani wa ofisi ya mkoa alikaa ubavuni mwa kuli wa sokoni, na kabla mpira haujaanza utasikia, "Mtani, umekuja na kitambaa cha kufutia machozi?" na mwenzake, "Ninacho, ila nimekuletea wewe." Nimeona watu wawili waliokutana kwenye benchi lile kwa kutukanana timu wakija kuwa mashahidi wa ndoa, mmoja kwa mwenziwe.

Kulikuwa na mzee mmoja, mkulima kutoka nyanda za juu za Mbulu, aliyekuja mjini na vitunguu na akaingia bandani kukwepa mvua. Hakuwahi kuona mpira wa televisheni. Alitazama kwa utulivu mkubwa, mikono juu ya fimbo yake, kisha akauliza kwa sauti iliyosikika banda zima, "Huyu aliyevaa nyeusi amewakosea nini wenzake? Anakimbia tangu tulipoanza, na hakuna hata mmoja anayempa mpira." Watu walicheka hadi benchi moja likaanguka. Walipomweleza kwamba yule ni refa, mzee hakubadili msimamo. "Refa ama nani, anaonewa." Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, akiwa shabiki wa refa. Mwenye banda alipata taabu ya kumpangia kiti kwa kuwa hakuwa na mtani humo ndani, mwishoni akampa benchi la mbele peke yake. Tangu hapo, mtu akinyimwa kitu hapa mjini, chakula kwenye sherehe au zamu ya kuongea kikaoni, walisema, "Huyu leo hapewi mpira." Wapo wanaolitumia neno hilo hadi leo bila kujua lilikotoka.

Haya yote niliyaandika. Mimi ni mtu wa kidato cha nne, nilikuwa karani kabla sijawa mwandishi, na mkoa wetu ulipozaliwa niliona kila ninachoandika ni kama barua ya kujitambulisha kwa nchi. Walioko Dar es Salaam walidhani Babati ni mahali basi linaposimama watu wanywe chai. Nilitaka wajue kwamba tuna kitu. Kwa hiyo nilieleza njia ya kufika, jengo la jirani, rangi ya mlango, saa za mechi. Nikaeleza kwa madaha jinsi kadi moja ya dikoda, iliyonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani, inavyowalisha macho watu wasiopungua mia. Nilidhani hiyo ndiyo sentensi nzuri kuliko zote. Waswahili wamesema kizuri chajiuza, lakini mimi nilikichukua kizuri cha mwenzangu nikaenda kukitembeza.

Jumamosi moja alasiri, siku ya mechi ya kuamua ubingwa huko Ulaya, lilifika gari jeupe lililojaa vumbi la njia ya Minjingu hadi kwenye vioo. Alishuka kijana nadhifu, wakala wa kampuni iliyokuwa na haki ya kurusha ligi ile. Banda lilikuwa limeshajaa. Kijana alikuwa mpole, na upole wake ndio unaonirudia. Angekuwa mkali tungekuwa na pa kuegemeza hasira.

"Shikamoo, baba. Kadi yako hii ni ya nyumbani."

"Marahaba. Hapa ni nyumbani. Mimi nalala chumba cha nyuma."

"Ya nyumbani maana yake familia, baba. Wenye ligi wamekataza mechi kubwa kuoneshwa hadharani bila kibali cha biashara. Wanataka kujua nyumba ngapi zinatazama, na matangazo wanayauza kwa hesabu hiyo. Hawahesabu vichwa. Watu wako wote hawa, kule kwenye hesabu zao, ni nyumba moja tu."

Mwenye banda akageuka akatazama mabenchi yake taratibu, safu kwa safu, wekundu na bluu wakiwa wamechanganyika kama maharage na mahindi. "Basi wamehesabu sawa," alisema. "Ni nyumba moja."

Watu walicheka, na kijana mwenyewe akacheka. Kisha akasema kwamba televisheni ikiwashwa, kadi itafungwa siku hiyohiyo na kesi itafuata. Hapa mjini ni hoteli moja tu iliyokuwa na kibali cha biashara, na pale hotelini mtu wa viatu vya tope alitazamwa miguu kabla ya kutazamwa uso. Sisi wote tulilijua hilo. Kijana akazungusha macho akaniona, uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyekutana na mjomba. "Shikamoo, mzee! Si wewe wa safu? Nimekujua kwa picha. Nakusoma kila wiki, mzee wangu. Makala yako imetusaidia sana, bila hiyo tusingepajua hapa."

Nimewahi kutukanwa gazetini na barabarani, lakini hakuna tusi lililonikaa kama shukrani ile.  Watu waligeuka tu, wakanitazama, kisha wakageuka tena mbele. Jirani yangu kwenye benchi, mtani wangu wa siku ile, alisogea kidogo. Labda alikuwa akinipa nafasi. Sijui, na sikuwahi kumwuliza.

Mwenye banda hakumfukuza mtu. Aliingia chumba cha nyuma akatoka na redio ya betri, akaiweka juu ya televisheni iliyozimwa, akavuta antena. Redio moja ya ng'ambo ilikuwa ikitangaza mechi zile kwa Kiswahili siku za Jumamosi. "Kusikiliza hawajakataza," alisema. Watu wakabaki kwenye nafasi zao, na kwa kuwa mabenchi yote yalielekea mbele, wote tukawa tunatazama kioo cheusi.

Sijui kama naweza kuieleza alasiri ile. Mtangazaji alikuwa akikimbiza maneno, mpira upo kushoto, upo katikati, na macho yetu yalikuwa yamekazwa kwenye kioo kisichokuwa na kitu. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na mwanga ulitupiga visogoni, nilianza kuona kwamba kitu kipo. Tulikuwamo sisi. Kioo kilituonesha wote, wadogo, tumepinda kidogo pembeni, safu nyuma ya safu, kama watu waliokaa upande wa pili wa ukuta wakitusubiri. Nilijitafuta nisijione. Nilimwona mtani wangu, nikaona bega, nikadhani bega lile ni langu. Mpaka leo nikipita mbele ya televisheni iliyozimwa, nyumbani au hospitalini, huwa nageuza uso.

Katikati ya utangazaji, mzee wa Mbulu akauliza kutoka benchi la mbele, "Leo simwoni refa."

"Yupo mlangoni, mzee," mwenye banda alimjibu. "Leo amekuja mwenyewe."

Banda likapasuka kwa kicheko, na kijana wa kampuni akainamisha kichwa. Baadaye kidogo redio ikapiga kelele ya bao, nusu ya watu wakaruka, na mtu wa kwanza kuruka alikuwa kijana huyo, pale mlangoni, mikono juu. Aliishusha upesi. Lakini mwenye banda alikuwa ameshaona. "Kumbe mwekundu!" alisema. "Jamani, sogeeni huko. Mpeni mtani wake." Na kijana, aliyekuja kutufungia, akaketi kati ya watu wawili wa bluu akapigwa mgongoni kwa utani hadi kipenga cha mwisho. Mechi ilipokwisha, redio ikazimwa, na hakuna aliyesimama. Tulikaa tukakitazama kioo kwa muda, kama watu waliotangaziwa kwamba kuna jambo bado.

Banda halikuishi baada ya siku ile. Alijaribu mechi ndogondogo, kadi ikafungwa, akajaribu kanda za video, lakini watu hawakuja kwa ajili ya kanda. Akayabandua mabanzi mwenyewe, akahamia Mutuka kulima mahindi na mbaazi. Nilimfuata shambani kumwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa ameegemea jembe, akasema, "Tatizo lako, mzee, uliandika vizuri mno. Ungeandika vibaya kidogo, wasingetufikia." Tukacheka wote wawili. Tulisalimiana siku za mnada kwa miaka yote iliyofuata, tukaulizana mvua na afya. Ila hakunikaribisha kwake tena, na mimi sikujipeleka. Kuna msamaha unaofungua mlango na kuna msamaha unaoishia barabarani, na nilistahili huo wa pili.

Nisiwaonee wenye ligi. Mpira ule ni kazi yao, kamera ni zao, na mwenye shamba ana haki ya kusema nani avune. Marehemu alivunja masharti ya kadi, naye alijua. Lakini nimekuwa nikiwaza hesabu yao. Walitaka watu mia wale wawe nyumba mia, kila nyumba na kadi yake. Haikuwa hivyo siku ile. Wengi wa wale watu walirudi tu kwenye vyumba vyao vya kupanga wakakosa mpira na wakakosa watani, na mwenye kuhesabu hakupata hata nyumba moja aliyoitafuta. Miaka imekwenda, sasa hesabu yao imetimia. Kila chumba kina dishi, na asiye na dishi ana simu. Nakaa nyumbani kwangu siku ya mechi kubwa, na kabla bao halijaingia kwenye televisheni yangu nasikia jirani wa kulia ameshashangilia, maana kwake picha inafika mapema. Kisha langu linaingia. Kisha wanashangilia nyumba za chini. Kisha mtu mmoja, mbali, mwenye simu ya mtandao mzito, anapiga kelele peke yake wakati wengine wote tumeshanyamaza. Bao moja linaingia mji huu mara nyingi. Sauti ile ya mwisho, ya yule mtu wa mbali, inanitisha zaidi ya kimya. Siku hizi nikitaka kujua nani ni mwekundu na nani ni wa bluu mtaani kwangu, sina pa kuuliza.

Nilikwenda kumzika. Niliwakuta watu wengi kuliko nilivyotarajia, wenye mvi, wengine waliorudishwa mikoani kwao zamani na wamekuja kwa basi. Jeneza lilipokuwa likishushwa, dereva mmoja mstaafu aliyevaa fulana ya bluu chini ya koti alitoka mbele akapiga kelele, "Simamisheni! Huyu amejiangusha! Refa, mpe kadi, ndizo zake hizi!" Wageni wasiojua walishtuka. Sisi tuliokuwa bandani tulicheka, na dereva akaendelea, "Inuka, mtani, bado dakika za nyongeza! Unaogopa kufungwa?" Sauti ikamkatikia hapo, akaanza kulia kama mtoto, na watu wawili wekundu wakamshika mikono wakamrudisha kwenye safu. Mchungaji alisubiri. Mkoa huu una watu wa kila kabila, na utani wa makabila huenda nao makaburini tangu zamani. Lakini utani ule aliupanda marehemu mwenyewe, mlangoni pake, kwa kidole.

Baada ya siku za msiba nilirudi Mutuka peke yangu kumwona mjane. Nilimkuta akipeta mbaazi. Nilimweleza kwamba nataka kumwandika mumewe, na kwamba akikataa sitaandika, na hakuna atakayejua kwamba niliomba. "Aliyapenda maandishi yako, shemeji," alisema. "Hata yale. Alikuwa akinisomea pale pa mzee na refa, anacheka peke yake." Akaweka ungo chini. "Andika. Andika alivyokuwa akiwakalisha watu. Ila usiseme palikuwa wapi."

Nilitaka kumtuliza. Nikamwambia kwamba pale sasa pana nyumba za kupanga, madishi mlango kwa mlango, na wapangaji hata hawajui kuliwahi kuwa na banda. Hakuna kilichobaki cha mtu kukidhuru.

"Najua," alisema. "Hata mara ile hukudhani kuna wa kudhuru."

Basi sijasema. Mkisoma tena mtaona mlango hauna rangi na njia haina mwelekeo, na ninyi mnaokumbuka, nawaomba mkumbuke kwa kunyamaza. Nimeandika katika safu hii miaka mingi nikiamini kwamba kukitangaza kitu chema ni kukitendea wema. Mjane mmoja mwenye ungo amenifundisha kuuliza kwanza. Kabla hujakisifu unachokipenda mbele ya watu wasiokijua, waendee waliomo ndani uwaulize kama wanataka kujulikana, nao wakisema hapana, kaa kwenye benchi lao, cheka nao, na urudi nyumbani bila sentensi hata moja.